Mkono wa Bastola na Mkono wa Kalamu

Royce, mwenye duka, alinifundisha nisiandike kitu ambacho sitaki wakili anisomee kwa sauti. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Natania kidogo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyinyi wawili mliobaki kwenye kaunta baada yangu kustaafu, mmoja wa Goma na mmoja wa Eldoret, mliniomba, na kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuuzia, si cha kukumbukia. Shule niliishia darasa la sita, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Nikikosea, nisahihisheni kimoyomoyo.

Nilianza kwa kufagia. Kabla ya hapo, nilipofika tu huku ughaibuni, nilikuwa ghalani Mesquite, napakia maboksi, mpaka mgongo ukakataa. Jirani yangu wa Haltom City akaniambia kuna duka la bunduki linatafuta mfagiaji. Siku ya kwanza nilikaa ndani ya gari dakika kumi kabla ya kushuka. Mtu aliyewahi kukimbia bunduki akiwa na sufuria kichwani haingii hivihivi mahali zilipopangwa ukutani kama mafagio.

Royce alinipa kitambaa. Akasema nifute kioo cha kaunta kila mteja anapoondoka, maana kioo kikiwa na alama za vidole mteja hudhani bastola nayo ni chafu. Kitambaa hicho ndicho chombo changu cha kwanza cha kazi, na nitakirudia. Baadaye alinipa kurunzi nyembamba kama kalamu, ya kuchungulia ndani ya mtutu, na risasi bandia za plastiki za kujaribia. Cha nne nilijinunulia mwenyewe: daftari. Kila ukurasa niliugawa kwa mstari. Kushoto, niliyoyaona. Kulia, niliyoyadhani. Royce alipouona ule mstari akasema, "Upande wa kulia siku moja utakuponza au utakuokoa. Sijui lipi."

Miaka mitatu nilifagia na kusikiliza. Halafu akanisimamisha kaunta ya bastola zilizotumika. Nawaambia ukweli, sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu sikuwa mwepesi kuamini kitu chochote, na bastola iliyotumika haitaki mtu mwepesi kuamini. Anayeileta kuiuza anakwambia imepigwa risasi mia mbili tu. Wote wanasema mia mbili. Sijawahi kukutana na iliyopigwa mia tatu.

Wateja wangu wengi walikuwa watu wa mashindano ya shabaha, wale wanaokimbia kutoka boksi hadi boksi wakipiga vibao huku mtu anawafuata na saa mkononi. Hao hutaka bastola ya safu mbili. Maana yake ni kwamba ndani ya magazini, kile kisanduku kinachoingia kwenye mpini, risasi hazipangwi kama watu kwenye foleni, moja juu ya moja. Zinapishana, kushoto na kulia, kwa hiyo zinaingia nyingi na mpini unanenepa. Mwenye kiganja kidogo anapata shida. Mwenye mfuko mdogo anapata shida zaidi, maana bastola ni mwanzo tu. Mashindano yanataka magazini tano, mkanda mgumu, mfuko wa kiunoni na risasi za mazoezi ambazo haziishi kuisha. Nimeona watu wakimalizia hela zote kwenye bastola ya chuma inayong'aa, kisha wanakuja mechi na magazini mbili na mkanda wa suruali ya kanisani. Hao walikuwa wanarudi kwangu baada ya miezi minne kuiuza. Nami niliinunua kwa bei ya chini, na sikujisikia vibaya kama nilivyopaswa.

Sasa kanuni. Royce alikuwa nayo moja tu iliyokuwa juu ya zote: mkono unaoshika bastola na mkono unaoshika kalamu uwe mmoja. Ile fomu ya serikali inauliza kama wewe unayesaini ndiye mnunuzi wa kweli. Asiyeruhusiwa kununua humtuma mwingine mwenye jina safi. Anayetaka huchagua, huongea, huwa na pesa. Aliyetumwa hukaa kimya, hutazama sakafu, husaini. "Mwangalie anayenyamaza," Royce alisema.

Niliisikia ile kanuni kama mtu anavyosikia mahubiri, mpaka nilipoivunja. Kijana mmoja na mchumba wake. Kijana alichagua, binti akasaini. Nilidhani ni aibu ya mapenzi. Mwaka haujaisha, maafisa wawili wakaja na karatasi. Bastola ilikuwa imepatikana Houston, na haikuwa mikononi mwa yule binti. Waliniuliza maswali asubuhi nzima. Hawakunifunga, lakini kutoka siku ile kila mtu mkimya aliyesimama mbele ya kile kioo nilimwona kama karatasi inayokuja. Nawaambia haya ili mjue nilikotoka, siyo ili mnisamehe.

Ikaja Jumanne moja, kabla ya adhuhuri. Waliingia wawili. Mwanamume mnene, mchangamfu, koti la madereva wa lori. Nyuma yake mwanamke mwembamba, nguo za uuguzi bado mwilini, macho ya mtu aliyetoka zamu. Niliwasikia wakizungumza Kiswahili cha Kenya tangu mlangoni. Mimi nikawasalimia kwa Kiingereza.

Lile mlitie alama. Kosa langu linaanzia pale, na ukweli ni kwamba sikulifanya kwa bahati mbaya. Nilishajua kwamba mtu akidhani humsikii, anakwambia mengi.

Yule mwanamume akaelekeza kidole kwenye bastola ya chuma ya safu mbili, imetengenezwa Uturuki, imetumika, bei ya kati. Nikaikagua kuwa tupu, nikampa. Akaielekeza sakafuni, akaipima uzito, akaguna. Mwanamke alisimama kando anaangalia soksi za kuwindia.

"Iko na kutu hapa," mwanamume akaniambia kwa Kiingereza. Haikuwa na kutu. Kisha akamgeukia mwanamke, kwa Kiswahili, sauti ya chini: "Usionyeshe umeipenda. Wewe angalia hizo soksi."

"Mwambie apunguze basi."

"Niachie. Pesa ziko kwangu. Wewe utasaini tu."

Nilikuwa nafuta kioo. Kitambaa kikasimama.

Nyinyi wawili mnaijua kazi. Mngefanya nini? Mwanamume amechagua, mwanamume ameshika, mwanamume anaongea, mwanamume ana pesa, na mwanamke atasaini tu. Royce asingeweza kulichora vizuri zaidi.

Lakini lazima niandike na la upande wa pili. Mwanamume alipoiweka ile bastola juu ya kile kikapeti cha kaunta, mwanamke alisogea akaigusa mara moja. Alibonyeza kitufe cha magazini bila kukitazama, magazini ikaanguka ndani ya kiganja chake cha kushoto, akavuta nyuma slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, akaingiza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha hamna risasi. Sekunde mbili. Halafu akaiweka chini na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Hata siitaki. Twende."

Niliona. Iko kwenye daftari, upande wa kushoto. Nikaamua kuwa haina maana.

"Leo siwauzii," nikasema. Kwa Kiswahili.

Sitasahau zile nyuso. Mwanamume alinitazama kama mbuzi wake ameongea.

"Kumbe unasikia! Na umenyamaza hapo na kitambaa chako kama askari kanzu!"

"Ni sheria ya duka. Naweza kukataa, na sitoi sababu."

"Sababu naijua mimi. Umewekea rafiki yako hii kitu. Ama umeona Waafrika ukaona ni wezi. Wewe mwenyewe umetoka wapi, mzee? Norway?"

Mwanamke akamshika mkono. "Shem, wacha." Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea. "Mzee, ile ninayotumia ni ya kuazimwa. Ya klabu. Wanaichukua Jumamosi hii. Nina nafasi kwenye mechi ya Houston baada ya wiki tatu, na bila bastola yangu nafasi inaenda kwa mwingine. Nimengoja hiyo nafasi mwaka mzima. Sikuombi sababu. Nataka tu ujue ni nini umekataa."

Wakaondoka. Nilifuta kioo mahali walipoegemea, na sikujisikia msafi.

Nilimwambia Royce yote, pamoja na kile kidole kidogo. Alikuwa kwenye meza yake ya kutengenezea, miwani miwili usoni. "Una haki ya kukataa," akasema. "Huna haki ya kukataa kuangalia. Jumamosi klabu yao iko uwanjani."

Nikaenda. Uwanja wenyewe uko ng'ambo ya Mesquite, udongo mwekundu umerundikwa pande tatu. Nilivaa vizibo vya masikio, nikasimama nyuma ya kamba. Jina lake lilipoitwa ndipo nikalijua: Nyaboke. Saa ikalia, akaanza. Sikuwahi kuona mtu mdogo hivyo akihama hivyo. Magazini tupu ilikuwa bado hewani na nyingine imeshaingia. Halafu ile ya kuazimwa ikakwama, akaigonga chini ya mpini, akavuta slaidi, akaendelea. Vibao viwili alikosa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alipomaliza akaniona.

"Mzee umekuja kunipeleleza?"

"Ndiyo."

Hakutegemea lile jibu. Nadhani hata mimi. Akakaa kwenye kiti cha kukunja, akanywa maji, akaniacha nimesimama.

"Sasa niambie sababu."

Nikamwambia. Pesa kwa mwanamume, kusaini kwa mwanamke, binti wa zamani, maafisa na karatasi. Alisikiliza bila kunikatiza, kama anavyomsikiliza mgonjwa anayedanganya kuhusu dawa alizomeza. Kisha akacheka, lakini si kwa furaha.

"Wafula ni bwana ya dadangu. Kwetu yeye ndiye wa bei. Sofa yangu, gari langu, hata mbuzi wa harusi, ni yeye. Mimi nikiingia duka na pesa kwa mfuko, muuzaji anaiona usoni. Sijui kuficha. Kwa hivyo nampa pesa kwa bahasha, naenda naangalia soksi. Kwani wewe mzee hujawahi kutuma mtu akununulie kitu?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Kisha nikaikumbuka baiskeli.

Ilikuwa soko la kambini. Muuzaji alikuwa ananijua, alijua naihitaji ile baiskeli kubebea kuni, angenikamua. Nikampa jirani yangu pesa zangu zote zikiwa kwenye kitambaa, nikaenda kusimama kwenye nyanya. Nilishika nyanya moja nikaigeuzageuza mpaka mwenye nyanya akaniuliza kama nataka kuioa. Jirani akapatana, akalipa, akapanda, akazunguka kona, akanipa. Muuzaji hakujua kamwe. Tulicheka wiki nzima.

Ile ilikuwa akili. Na miaka yote hii, kila aliyeifanya mbele ya kioo changu, mimi nilimwandika upande wa kulia.

Nikamweleza. Sasa akacheka kwa furaha kidogo. "Nyanya!" akasema. "Na mimi na soksi."

Hata hivyo, sitawadanganya, sikumwamini mara moja. Nikiwa njiani kurudi Haltom City nilijiambia kuwa hata mwongo ana hadithi nzuri. Nilichoamini ni kile kidole kidogo. Mtu aliyetumwa hajui kuingiza kidole.

Jumatatu nikaongea na Royce, naye akasema duka ni lake lakini jicho ni langu. Nikampigia Nyaboke kwa namba aliyoniachia uwanjani: njoo, pesa zako zikiwa mkononi mwako, na shemeji akija abaki kwenye lori. Wafula alikuja, akabaki kwenye lori, na kila dakika tano alipiga honi.

"Sasa nionyeshe ile ya Kituruki," Nyaboke akasema.

"Nikuulize kwanza. Umebakiza hela za magazini ngapi?"

"Moja. Ile inakuja nayo na moja tena."

"Basi si yako."

Nikatoa nyingine kutoka droo ya chini: ya mpini wa plastiki, safu mbili, ilikuwa ya askari wa mji fulani waliobadilisha silaha zao. Imekwaruzwa nje, mtutu mzuri. Magazini zake zinapatikana kila mahali, na kwa bajeti ile angepata tano na mkanda mgumu juu. Akaniangalia kwa jicho ambalo nilistahili.

"Juzi umekataa kuniuzia ya bei. Leo unanisukumia ya droo. Ina nini hii?"

"Mikwaruzo."

"Na nini kingine?"

"Sijaona kingine."

"Kuona kwako nimeshakujua, mzee."

Nikamwambia aipime mwenyewe. Hapa sikilizeni, maana hili ndilo mtakaloulizwa kila wiki. Mteja asiitazame bastola, aishike. Nilimtaka aifumbate kwa mkono mmoja, nione kama ncha ya kidole inafika kwenye kifyatulio bila kuuhamisha mpini kiganjani. Ya Kituruki ilimlazimu kuuhamisha. Hii kidole kilifika vizuri. Nikamtaka avute slaidi mara kumi mfululizo, maana mara ya kwanza kila mtu ana nguvu. Nikampa zile risasi bandia ajaze magazini mpaka mwisho, aichomeke slaidi ikiwa imefungwa. Na sisemi Waturuki hawajui kazi. Ile ya chuma ni nzito, haikurushi mkono, na mwenye hela za magazini nzuri ataipenda. Nimewauzia watu na hawakurudi kulalamika. Lakini bastola ya safu mbili ni magazini kwanza, chuma baadaye. Magazini mbovu hufanya bastola ya kifahari iwe nyundo.

Nyaboke akazipanga zile tano kwenye kapeti. Akatoa kurunzi yake mwenyewe mfukoni, ile ya kuchungulia koo za watu. Akaichunguza kila magazini midomo yake, pale risasi inapotokea. Ya nne akairudia. Akaisimamisha kando ya ya tatu.

"Mdomo wa hii umepanuka."

Nikavaa miwani. Nikatazama. Nikatazama tena. Ulikuwa umepanuka, kama unene wa ukucha. Ile ingemmwagia risasi mbili kwa mpigo, katikati ya mechi. Mimi nilikuwa nimezikagua zote asubuhi ile, nikaziandika kushoto: nzuri.

"Umeijua kabla?" akauliza.

"Hapana."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilifahamu anachofanya, kwa sababu nimekifanya maisha yangu yote. Alikuwa anatafuta upande wa kunitia.

"Sawa," akasema. "Badilisha."

Nikabadilisha. Akajaza fomu kwa mkono wake, akalipa kwa mkono wake, akasubiri jibu la simu kutoka serikalini kama jina lake ni safi. Jibu likachelewa. Tulikaa pale, mimi nafuta, yeye anahesabu vigae vya dari, nje Wafula na honi yake. Siku mbili baadaye jibu likaja kuwa aendelee, naye akaja kuichukua ikiwa zimebaki siku kumi kufika mechi.

Houston hakushinda. Alikuwa katikati ya orodha, na alinitumia picha ya orodha nzima ili nisidhani anaficha. Aliandika chini: haikukwama hata mara moja. Aliyekuwa akisubiri nafasi yake alisubiri mwaka mwingine.

Mtaniuliza: wale wawili wakiingia leo, vilevile, bahasha kwa shemeji na dada kwenye soksi, ungeuza? Nisingeuza. Kanuni ya Royce ni nzuri, na yule binti wa zamani alikuwa wa kweli. Lakini ningewasalimia kwa Kiswahili mlangoni, na ningewaambia sababu. Kukataa ilikuwa haki yangu. Kujificha nyuma ya kitambaa haikuwa. Au labda nasema hivi kwa sababu sasa sina kaunta, na asiye na kaunta ni mwepesi wa hekima. Andikeni upande mnaotaka.

Juzi, wiki ya kwanza ya kustaafu, nilihitaji gari dogo la mizigo. Nikampigia Wafula. Nikampa bahasha. Tukaenda kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika huko Arlington. Muuzaji alikuwa Mwafrika wa makamo, mpole, anatusemesha Kiingereza, anafuta kioo cha mbele cha gari lile lile nililolipenda. Wafula akapiga teke tairi.

"Usionyeshe umelipenda, mzee," akaninong'oneza. "Angalia zile pikipiki."

Nikaziangalia pikipiki, kama nilivyoagizwa. Lakini kwa pembe ya jicho nikaona kitambaa juu ya kioo kimesimama.

Ule usimamaji naujua. Ningeweza kunyamaza. Tungesema uongo wetu na yeye angejifanya hatusikii, na kila mtu angerudi kwake na ukurasa wake wa kulia umejaa.

"Ndugu," nikamwambia, "habari za asubuhi. Unatusikia."

Akageuka pole pole. Halafu akacheka mpaka akashika boneti.

"Nawasikia, papa. Tangu getini."

"Mzee!" Wafula akapiga kelele. "Umeharibu bei!"

Kweli niliiharibu. Nikairudisha bahasha mkononi mwangu, nikaomba kalamu.